Nilivyokipunguza Kiini

"Mwalimu, hizi zishakufa," aliniambia ofisa wa vifaa, na hakuvua hata viatu kabla ya kuingia chumba chetu cha kompyuta. Skuli yetu iko Kiuyu, Pemba. Tulikuwa na mashine tisa kuukuu, na wiki mbili baadaye gari ingekuja kuzichukua zikatupwe. Wasichana wangu wa kidato cha tatu hawakuwa na nyengine.

Uongo, hazikufa. Zilielemewa. Kila mfumo wa kompyuta una kiini, programu ya chini kabisa inayozungumza na vifaa, na kiini cha mfumo wetu wa bure kilikuwa kikinenepa toleo baada ya toleo. Nilipokuwa nasoma nilikibeba kwenye diski moja ya mfukoni. Tangu hapo kila mtengenezaji wa kifaa kipya ameongeza maelekezo yake mle, na ya zamani hutolewa kwa nadra. Nilipoweka toleo jipya, kumbukumbu ndogo za mashine zetu zilijaa kabla mtoto hajafungua ukurasa. Dawa ya watengenezaji hao ni kununua mashine mpya. Mie sikuikubali dawa hiyo.

Kiini hicho kiko wazi, mtu anaweza kukijenga upya mwenyewe. Ukianza kinakuuliza, swali moja moja: wataka hiki? Wataka kile? Maswali maelfu. Nyumbani kwetu mtoto wa kike, kama mie, akiitwa huitika labeka, na akitumwa huenda. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nilijibu hapana mpaka kidole kikaniuma. Kadi za runinga, hapana. Mitambo ya viwanda ambavyo Pemba hatunavyo, hapana. Nilifurahi mno, nakiri.

Furaha ikanitia kiburi. Kibodi zetu ni za zamani, zenye plagi ya duara, na swali lao lilipofika nililikataa pamoja na mengine, kwani madukani Konde nimezoea kuona plagi bapa tu. Mashine ikawaka upesi, ikaomba neno la siri, nami sikuweza kuandika hata herufi moja. Wanafunzi walicheka mpaka wakakaa chini. Nikaanza upya, mara hii nikisoma kila swali.

Siku ya gari, mashine zote tisa zilikuwa zinafanya kazi na wasichana wanaandika. Ofisa aliwatazama, akasema amefurahi, lakini vifaa vilishafutwa kwenye orodha na fomu ya kuzitoa ilishaandaliwa.

"Tia saini tu, Mwalimu. Mwakani hicho kiini kitakuwa kikubwa zaidi."

"N'takipunguza tena," nikamjibu. "Na fomu hino siitii saini."

Akawageukia wasichana, akawaambia wainuke wapishe wachukuzi. Wale watoto niliowafundisha kumwinukia kila mgeni hawakuinuka hata mmoja.

Nami sikuwaambia wainuke.