Kucha za Nusura Kabla ya Ramadhani

Mimi nauza viatu vya mitumba katika uchochoro wa nyuma ya soko la Busia, na kwa miaka mingi jirani yangu wa ukuta kwa ukuta amekuwa Jamirah, fundi wa kucha. Tunagawana kivuli, tunagawana choo, tunagawana hata wateja, maana mwanamke akishapendezeshwa vidole vya miguu hakubali kuvificha ndani ya kiatu kilichofungwa. Atatoka kwa Jamirah akitembea kwa visigino na kuja kwangu kutafuta sandali. Kwa hiyo nikisema namjua Jamirah, namjua.

Alizaliwa Matayos, akajifunza kazi ng'ambo, upande wa Uganda, kwa mama mmoja aliyempiga vidole kila alipokwaruza kucha ya mteja. Kipigo hicho kilimwingia. Wako mafundi mjini hapa ambao wakitaka kutoa jeli ya zamani, ile rangi ngumu ya kucha, wanaichokonoa kama mtu anayeparua magamba ya samaki, kisha wanapaka mpya juu ya maumivu. Unarudi nyumbani kucha zimekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Watu hao hunikera sana. Jamirah hana haraka. Anapitisha tupa juu juu mpaka mng'aro uondoke, analowesha pamba kwa asetoni, anaiweka juu ya kucha, anafunga kila kidole kwa kipande cha foili, halafu anangoja. Kungoja ndiko nusu ya kazi yake. Na kila anapofungua kidole huuliza, "Inachoma?" Haendelei mpaka umjibu. Nimelisikia swali hilo kupitia mabati hadi mara nyingine najijibia kutoka huku kwangu, "Haichomi," na wateja wake wanacheka.

Mwezi wa Shaabani ukielekea mwisho, kibanda chake hujaa. Wanawake Waislamu wa mjini, wenye maduka, wauza vitenge, wake wa madereva, wote huja kutolewa jeli, kwa sababu maji ya udhu hayapiti chini yake, na hakuna anayetaka kuingia mwezi wa kufunga kucha zikiwa zimezibwa. Siku hizo Jamirah hampaki mtu rangi. Anatoa tu, na rangi mpya husubiri Idi. Mwaka huu foleni ilifika mpaka kwenye meza yangu, nikawaambia waziwazi kwamba viatu vyangu si viti.

Jamirah alikuwa na mdogo wake, Nusura, aliyekuwa akiwauzia chai na chapati madereva wa malori yanayosubiri kuvuka pale Malaba. Msichana mwembamba, mdomo haupumziki, akiingia uchochoroni tulijua kabla ya kumwona. Vidole vyake vya miguu vilikuwa na jeli ya rangi ya damu ya mzee. Jamirah mwenyewe ndiye aliyempaka, kwa ajili ya harusi ya binamu yao, na kucha zilishakua, pengo likaonekana kati ya rangi na ngozi. Siku ya Alhamisi alikuja, akapenya foleni mpaka mbele.

"Dada, nitoe leo. Mwezi unaandama hivi karibuni."

"Si unaona watu?" Jamirah alimjibu bila kuinua kichwa. "Wewe ni wa nyumbani. Kuja Saturday."

"Kila siku mimi ni wa nyumbani."

"Basi enda kwa wale wa kukwaruza."

Nusura alicheka. Akaja kwangu, akajaribu sandali kadhaa bila nia ya kununua, akanichafulia mpangilio wote, akaenda zake. Hakukasirika, na hakukuwa na cha kumkasirisha. Kwetu ndivyo tulivyolelewa, Waislamu na Wakristo pia. Mgeni anapakuliwa kwanza, mtoto wa nyumbani anangoja kinachobaki kwenye sufuria. Hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

Jumamosi Jamirah alifika mapema. Alifuta kiti, akamwambia kila aliyeingia kwamba kile kina mwenyewe, akakaa akimkatia mdogo wake vipande vya foili. Alikuwa amevikata vyote simu ilipolia. Pikipiki iliyombeba Nusura kutoka Malaba ilikuwa imegongana na lori. Alifariki palepale barabarani, akija kutolewa jeli.

Kesho yake mwili uliletwa nyumbani kwao Matayos ili uzikwe baada ya adhuhuri. Nilifunga biashara, nikaenda na Jamirah. Njia nzima alikuwa amekumbatia kisanduku chake cha kazi, na sikumuuliza kwa nini amekibeba. Nilidhani ni kuchanganyikiwa.

Katika chumba cha kuoshea tulikuwa wanawake wachache tu. Mama Ramathan, ambaye huosha maiti za wanawake pale kwao, alifunua shuka upande wa miguu, tukaiona ile rangi. Miguu haikuwa imeguswa na ajali hata kwa mkwaruzo. Mama Ramathan alishusha pumzi.

"Hii lazima itoke," alisema. "Maji yafike kwa kucha."

Shangazi mmoja alichomoa wembe kutoka kwenye karatasi yake. Jamirah alimshika mkono.

"Wembe hapana."

"Mama, saa inaenda," shangazi alisema.

"Ameningoja tangu Thursday," Jamirah alisema. "Nitamtoa vile natoanga watu."

Akakaa chini kwenye mkeka, akafungua kisanduku, na vile vipande vya foili vya Jumamosi vilikuwa humo ndani. Alipitisha tupa taratibu, akalowesha pamba, akafunga vidole vyote. Tukangoja. Nje, baba yao mdogo, mzee Mukhtar, aligonga mlango akasema kaburi liko tayari na watu wa mbali wanasubiri.

"Mzee, waambie wakae chini," Mama Ramathan alimjibu. "Huku bado."

Jamirah alipofungua kidole cha kwanza, jeli haikuwa imesogea. Akaifunga tena, akangoja zaidi, akafungua. Bado ilikuwa ngumu vilevile. Aliutazama ule mguu kwa muda, kisha akasema polepole, kama mtu anayejikumbusha somo, "Huwa joto la mtu ndilo linasaidia."

Mimi si mwepesi wa kulia, lakini hapo nililia.

Aliomba maji ya moto na vitambaa. Akachovya, akakamua, akafunika mguu mmoja juu ya foili na kuushika kwa mikono miwili. Mguu wa pili ulibaki wazi. Nilimuuliza Mama Ramathan kama mimi Mkristo ninaruhusiwa, akasema kuosha hakujaanza, nishike tu. Basi nikaushika. Kitambaa kikipoa tulichovya tena, tukaendelea kumpasha joto Nusura kwa vidole vyetu.

Kisha akafungua foili. Safari hii jeli ilikuwa imeinuka. Aliisukuma kwa kijiti, ikatoka yenyewe, na kucha ikabaki safi bila alama. Ndipo mazoea yakamponyoka.

"Inachoma?" aliuliza.

Na akangoja. Kijiti kiko hewani, macho kwenye uso wa Nusura, anangoja kama anavyomngoja mteja yeyote. Shangazi mwenye wembe alijifunika uso kwa mtandio. Jamirah hakuendelea, na nilielewa kwamba hataendelea.

"Haichomi," nilisema. "Haichomi, Jamirah. Endelea."

Akafungua kidole cha pili, akauliza tena, nami nikamjibu. Tulikwenda hivyo mpaka kidole cha mwisho. Mzee Mukhtar hakugonga tena. Alipomaliza, Jamirah alichukua chupa ya mafuta anayowapaka wateja kandokando ya kucha, akakumbuka kwamba mafuta nayo huzuia maji, akairudisha kisandukuni. Mama Ramathan akaita maji yaletwe, nikatoka nje. Jioni hiyo mwezi uliandama.

Jamirah alifungua kibanda baada ya Idi. Wateja walikuja kupakwa rangi mpya, na kazi yake ni nzuri kama zamani, labda ya polepole zaidi. Ndugu yake yeyote akitokea siku hizi anakalishwa kwanza, hata kama foleni imefika kwenye meza yangu. Wanaonung'unika nawanyamazisha mimi.

Lile swali lake ameliacha. Anafungua foili, anakutazama usoni, anangoja. Nami huku upande wa pili wa mabati naisikia foili ikifunguliwa, na mpaka leo mdomo wangu hufunguka kumjibu.