Risasi Iliyotajiwa Jina

Hebu piga picha ya kichuguu kirefu kuliko nyumba, kando ya njia ya Kinsevere, nje ya mji wetu, na ubavuni mwake kibuyu cha kulengwa kilichopakwa chokaa. Mbele yake wanaume wameketi nyasini baada ya misa. Anayeshindilia bunduki ameuma unyasi kwa meno, wala hasemi neno.

Nilipokuwa mtoto, miaka ile Katanga ilipojitenga, hivyo ndivyo Jumapili zetu zilivyokuwa.

Nkambo wangu, baba wa mama, alikuwa fundi wa pupu, bunduki ya kushindiliwa baruti mdomoni mwa mtutu. Mtutu aliufunga pete za shaba nyekundu, na kitako alikichonga kwa mninga, akakisugua mafuta ya mawese mpaka kikalainika kama shavu. Nilipenda kukipapasa. Jumapili bunduki ile haikuua kitu. Ilitafuta kibuyu tu, na ikikipata tulipiga vigelegele.

"Risasi iko na masikio," Nkambo alituambia. Ukitaja jina la mtu unaposhindilia, itamtafuta mwenye jina, hata miaka ipite. Ndiyo sababu ya ule unyasi: kinywa kisitaje mtu.

Siku hizo mjini watu walikuwa wameanza kuulizana babu zao walitoka wapi. Baba Chibwe, jirani yetu pale mtaani Kamalondo, aliacha kutusalimu, kwa kuwa babu zake na zetu hawakutoka pamoja, ingawa ukuta wetu na wake ulikuwa mmoja. Mjomba wangu Ilunga, kijana mwenye hasira za karibu, aliliweka jambo hilo moyoni.

Jumapili moja Ilunga alikuwa akishindilia, rafiki yake akamchokoza: "Eh, Ilunga! Mukono inatetemeka. Unaogopa kibuyu?"

Ilunga akatema unyasi. "Hii haiko ya kibuyu. Hii iko ya Chibwe."

Wengine walicheka. Nkambo aliichukua bunduki, akamimina maji mtutuni mpaka baruti ikafa.

"Risasi imebaki ndani," akasema. "Mwenye jina ndiye ataitoa. Twende."

Tulirudi mjini, Ilunga mbele akiibeba bunduki. Jua la jioni lilikuwa limelala juu ya mabati, na mji wote ulionekana kama kitu kinachoota. Mlangoni kwa jirani Nkambo alieleza yote, bila kuficha neno.

"Usitoke!" mke wa Chibwe alilia kutoka ndani. "Batakuua!"

Baba Chibwe alitoka. Alimgeukia mjomba. "Weye, Ilunga? Mutoto nilimufunza kupanda kinga, ile baiskeli yangu?"

Ilunga aliinamisha bunduki. Alishika kitako tu, na Baba Chibwe akachuchumaa mbele ya mdomo wa bunduki, paji lake la uso karibu kugusa shaba. Akaingiza mtutuni fimbo yenye skurubu nchani, aliyopewa na Nkambo, akazungusha polepole, akavuta. Risasi ikaangukia kiganjani mwake, imelowa, ndogo kama punje ya mahindi.

"Bunduki muzuri hivi," akasema, akizipapasa pete, "na munaipa kazi mubaya."

Mkewe akatuletea viti.

Nimefundisha watoto maisha yangu yote, na mpaka leo sijui kama risasi ina masikio. Najua tu kwamba mjini humo majina mengi yalitajwa baadaye, na hakuna aliyebisha hodi kwanza. Ukisahau mengine yote, nakuomba ukumbuke hili moja: mtu alichuchumaa mbele ya mtutu ulioshikwa na aliyemtakia kifo, na mikono iliyoushika ikatulia.