Anwani ya Boma

Hadi leo nikikumbuka, damu inanichemka. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alininyang'anya jina nikiwa nimeketi hapa hapa kwenye cherehani yangu Nyamira mjini, naye hakuinuka hata kitini kwake Kisii.

Mimi nashona sare za kwaya. Wateja wananipata kwenye ule mtandao wa kijamii usio na mwenyewe, ambako kila familia inaweza kusajili jina lake na kuwagawia watu wake anwani. Shemeji ndiye aliyesajili letu, jina la baba mkwe. Mimi nikawa fundi, nukta, jina la mzee. Fupi, na linatamkika hata kwenye matangazo ya kanisani. Nyuma yake kuna msururu wa herufi na tarakimu ambao ndio akaunti yenyewe, lakini nani atakumbuka takataka ile? Kuanzia Keroka hadi Nyamache walinijua kwa anwani hiyo.

Mume wangu akafa. Nikakataa kumwachia shemeji shamba la chai nililolipalilia kwa mikono yangu. Wiki haikuisha. Asubuhi nafungua simu, juu ya picha za sare zangu pameandikwa: anwani batili. Batili! Mimi! Nikampigia.

"Anwani ni ya boma, shemeji," akasema, sauti ya mahubiri kabisa. "Jina la baba si la kuchezewa na mjane mkaidi."

Kumbe ameshampa mke wake. Yule mama hajui hata kushona kifungo, haki ya Mungu! Anauza mitumba Kisii, na sasa eti ndiye fundi. Wateja wangu waliandika jina walilolizoea, wakaangukia kwake. Picha zote zilibaki zangu, lakini zina faida gani kama hakuna anayejua pa kuzitafuta? Nililia, na kilikuwa kilio cha hasira, mtu asije akanionea huruma hapa. Nikajisajilia anwani yangu mwenyewe, kwa jina nililopewa na mama nilipozaliwa. Ikakaa huko bila mgeni.

Halafu siku moja mke wa shemeji akaingia dukani kwangu na gunia la kitambaa cha zambarau, macho chini.

"Dada, nisaidie. Kwaya ya akina mama wa Sabato kutoka Magwagwa wameagiza sare, mume wangu akawakubalia. Wanaimba Jumamosi. Nitaaibika."

Hebu fikiria! Nilitaka kumrushia gunia lake. Nikamwambia aliache pale, aende.

Nilizishona zote, hasira ikisukuma cherehani. Ndani ya kila kola nikatia kipande cheupe chenye anwani yangu mpya, kwa uzi mweusi, jina langu bila la mzee.

Jumapili shemeji akapiga simu akifoka, nivitoe vile vipande mara moja. Nikamwambia aende Magwagwa akavifumue mwenyewe, shingoni mwa mama mmoja mmoja.