Mama Mkwe Katika Chumba cha Usingizi

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kupima usingizi, hucheka. "Kwa hiyo unalipwa kuangalia watu wakikoroma?" Ndiyo. Lakini nilihangaika kuipata: stashahada ya uuguzi, kisha mafunzo Dar es Salaam ya kubandika nyaya kichwani na kusoma mistari kwenye skrini. Fomu ya ajira ilitaka macho makali, vidole vyepesi, mgongo wa kumgeuza mgonjwa mnene peke yako, na uwezo wa kukesha bila kusinzia. Nilijaza ndiyo kila mahali, ujana ule. Sasa mgongo umeshaniaga, na mchana silali, maana jirani yangu hapa Butimba ana majogoo na redio.

Jambo gumu kuliko yote fomu haikuliuliza. Mgonjwa akikata pumzi usingizini, fundi hamwamshi ovyo. Anaiacha mashine irekodi, kwa kuwa pumzi mara nyingi hurudi yenyewe, na daktari anahitaji kuona imekatika mara ngapi na kwa muda gani. Unakaa, mikono mapajani. Kwa wagonjwa wengine niliweza.

Kisha mke wangu akamvusha mama yake kwa kivuko cha Kamanga. Alikuwa akikoroma, ananyamaza kabisa, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Mchana alisinzia ungo ukiwa mkononi. Hospitali yetu ina chumba kimoja cha usingizi na mafundi wawili, na mwenzangu, mwanamke, alikuwa likizo ya uzazi.

Nilikooa mimi, mkwe hata mkono hampi mama mkwe, sembuse kumshika kichwa na kumtazama amelala. Alipojua fundi ni mimi, alijifunika kanga usoni akamwambia mke wangu, nami nimesimama palepale:

"Mwambie mumeo asiingie humu. Kama ni kufa, nife na heshima yangu."

Tukapatana hivi: kamera izimwe, nesi wa zamu abandike nyaya huku nikimwelekeza nyuma ya pazia. Nesi alimaliza, akarudi wodini kwake. Nikabaki chumba cha pili na ile mistari.

Kabla ya saa sita mstari wa pumzi ukalala kabisa. Ni waya umebanduka au ni yeye? Angekuwa mtu mwingine ningeingia nikatazama. Nilihesabu hadi thelathini, kisha nikagonga mlango.

"Mama!"

Akashtuka, mstari ukapanda. Baada ya muda mfupi ukalala tena, nikagonga tena. Nilifanya hivyo hadi alfajiri, na aibu yangu ni kwamba nilijiona shujaa. Kila nikigonga niliamini nimemwokoa.

Asubuhi daktari alipitia rekodi.

"Huyu hakulala. Nitamwandikiaje mashine ya kupumulia kwa usingizi ambao haupo? Arudie."

Hakuuliza nani alikuwa akimwamsha. Mimi nami sikusema.

"Mwambie mumeo nashukuru," mama mkwe akamwambia binti yake wakivaa viatu. "Ila mtu halali huku mkwe wake anamgongea mlango usiku kucha. Mimi sirudi."

Mwenzangu alipotoka likizo tulituma ujumbe kwamba sasa kuna mwanamke. Akajibu atakuja akishavuna mpunga. Mpunga walivuna wengine.

Msibani nilikaa na wanaume wa ukweni. Mzee mmoja akasema marehemu alilala tu, hakuamka, kifo cha amani. Wenzake wakaafiki, kisha wakanigeukia mimi, mtaalamu wa usingizi.

"Eti mkwe, hakuteseka?"

Niliyajua yale mashtuko. Nilikuwa nimeyatazama usiku mzima, moja baada ya jingine.

"Hapana, mzee," nikasema. "Hakuteseka."

Mke wangu alikuwa akipita na ndoo ya maji. Alisimama, akanitazama kwa shukrani, akaenda zake.