Jioni Niliyoiandika Jumatatu

Katika mwaka wa pili wa korona nilikuwa mwanafunzi wa uzamili mjini Sydney, na viza yangu iliniruhusu kufanya kazi saa arobaini katika kila wiki mbili, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili ya pili. Anayezidisha aweza kufutiwa viza na kurudishwa kwao. Nilikuwa nimebakiwa na muhula mmoja tu, na jambo hilo nililiogopa kuliko ugonjwa wenyewe.

Nilisafisha kliniki ya meno huko Westmead. Nilinunua daftari, nikalipiga safu kwa rula: siku, kuingia, kutoka, jumla. Dakika ya kuvaa barakoa niliihesabu. Ya kuivua pia, baada ya kutafakari siku mbili. Msimamizi wetu, mama wa Kikongo mwenyeji wa Bukavu aliyekuwa akiishi Doonside, aliniita Mwalimu, na daftari lile lilimkera.

"Mwalimu, weye unasafisha ao unaandika?"

"Vyote viwili, Mama. Ila dakika za kuandika sizihesabu."

Jumapili moja mwenzetu wa zamu ya jioni aliwekwa karantini. Mama akanipigia simu kuuliza kama nina nafasi. Nikafungua daftari. Nilikwisha kufanya saa thelathini na nane, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya zile wiki mbili. Zamu yenyewe ingechukua saa nne. Mtu mwingine angekataa. Mimi nilikumbuka kwamba zamu huanza saa kumi na mbili jioni, na kwamba wakati wa baridi jua la Sydney huzama kabla ya hapo. Kwetu Pemba, kama nilivyofundishwa katika chuo cha Kurani nikiwa mdogo, siku huanza na usiku wake: jua la Jumapili likishazama, tumeingia Jumatatu. Zamu ile, basi, ilikuwa ya hesabu mpya. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika "Jumatatu" kwa wino mweusi, nikamjibu kwamba ninakuja.

Nilikuwa katika chumba cha pili, sakafu imejaa povu, Mama alipoingia na simu mkononi. Ofisi ilikuwa imemtumia ujumbe: mwanafunzi amebakiza dakika kumi za saa zake arobaini.

"Mwalimu! Si uliniambia uko na nafasi?"

"Ninayo, Mama. Hii ni Jumatatu."

Akanitazama kama anayetafuta kipimajoto. "Leo ni dimanche. Asubuhi nimeomba na kanisa ku simu."

"Asubuhi ilikuwa Jumapili, sikatai. Lakini jua limeshazama."

"Jua? Watu wa viza wanaangalia jua?"

Hapo ndipo baridi iliponiingia. Nilikuwa nimekichunguza kila kifungu cha sheria ile, isipokuwa sikuuliza siku ya Waaustralia huanza lini.

Saa mbili kamili nilisaini kutoka. Niliiacha mopu ndani ya ndoo na nusu ya chumba ikiwa na povu, nikapita kwenye ile nusu iliyokauka. Kwa kuwa Mama ndiye angenirudisha Guildford kwa gari lake, nikaketi kwenye kiti cha wagonjwa, karibu na mlango. Yeye akaichukua mopu.

"Uniinulie hicho kiti tu."

"Siwezi, Mama. Hata bila malipo wataita kazi."

"Basi uniwashie taa ya korido."

Nikafikiri. "Taa pia siwezi."

"Na kuongea, unaweza?"

"Kuongea naweza."

"Ongea basi. Sema ile ya siku kuanza na usiku, nicheke, kazi iishe."

Nikamweleza kwa utaratibu, tangu mwanzo, mpaka ilipofika saa nne. Kila baada ya muda aliegemea mopu, akacheka mpaka miwani yake ikafanya ukungu juu ya barakoa.

Kabla ya kuondoka, nikiwa ndani ya gari, nilililaza daftari gotini, nikalikata neno "Jumatatu" kwa rula, nikaandika juu yake: Jumapili, saa mbili, jumla, arobaini. Sijawahi kuandika jambo nisiloliamini kwa furaha kubwa namna ile. Mama alikuwa amekwisha kuwasha gari.

"Funga mkanda, Mwalimu," akasema. "Ao hiyo nayo ni kazi?"