Nyaya Mbili Siku ya Idi

Siku ya Idi niliomba kazi mwenyewe. Meneja hakunilazimisha, alishangaa hata. Lakini dada yangu mkubwa nilimwambia kwamba ofisi imenikaba, kwamba mtandao hauwezi kuzimwa siku nyingine, na nikayasema hayo kwa sauti ya mtu anayeonewa. Nilidanganya vizuri. Mama alikuwa amefariki mwezi wa Rajabu, hii ilikuwa Idi ya kwanza bila yeye, na sikuwa na ubavu wa kuingia nyumba yake.

Niseme kwanza habari ya sinia, maana ndilo nililokuwa nikilikimbia. Sisi ni Wanubi, na kwetu kwa kawaida wanaume hula mbali na wanawake. Mama aliifuata desturi hiyo mwaka mzima, isipokuwa Idi. Siku hiyo alituketisha wote kwenye sinia moja kubwa la bati: yeye, dada, watoto watatu wa dada na mimi, kila mtu na upande wake. Na hakuna aliyepeleka mkono mpaka kila mwenye upande awe amekaa. Mwaka mmoja nilichelewa kwa kinyozi, nikakuta wali umepoa na watoto wamenuna kama mahakimu. Mama alinionyesha upande wangu tu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kweli, nisijichafue kupita kiasi. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, mtaa wa Bugolobi, na inachora lebo za bidhaa za viwandani. Kila asubuhi wachoraji wote hufungua mafaili yao mazito kwa wakati mmoja kutoka kwenye seva moja, kompyuta kuu inayoyatunza, na seva hiyo ilikuwa ikiwahudumia kwa waya mmoja. Basi kila mtu anasubiri, na kila anayesubiri ananitazama mimi. Meneja hataki kununua kitu. Nikamwambia seva ina tundu la pili ambalo halijawahi kutumika, na swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao, kina matundu tele matupu. Tukiyaunganisha mawili yafanye kazi kama moja, njia itakuwa pana mara mbili.

"Mara mbili?" akauliza.

"Mara mbili," nikasema, kifua mbele.

Saa nne asubuhi nilikuwa nimeshatoka msikitini. Kanzu niliitundika kwenye mlango wa kabati la seva. Nikachomeka waya wa pili, nikayaweka matundu mawili kwenye kundi moja upande wa swichi, kisha upande wa seva, kwa sababu pande zote mbili lazima zikubaliane, la sivyo mtandao mzima unalala. Taa mbili za kijani zikawaka. Nikakaa kwenye kompyuta iliyokuwa karibu, nikavuta faili kubwa kutoka kwenye seva, nikaangalia kasi. Ilikuwa ile ile ya jana.

Nikafuta kila kitu, nikaanza upya. Nikabadili waya. Nikabadili tundu. Nikaitukana swichi kwa Kinubi, kwa Kiswahili na kwa Kiganda, na kasi haikusogea. Saa saba dada akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Bado niko kazini. Nyinyi kuleni."

"Watoto wamekaa kwa sinia. Wewe unajua."

"Dada, msiningoje. Hii kitu imenikatalia."

"Tunakungoja," akasema, akakata.

Kutoka dirishani niliyaona mabati ya nyumba za Namuwongo, na nyuma yake mlima wa Kisugu, ambako kuna nyumba yetu. Si mbali hata kidogo. Ningeondoka wakati ule ningewakuta bado wamekaa. Nilijua kabisa watoto wana njaa kwa sababu yangu, na badala ya kuinuka nikakasirika. Nilimkasirikia dada kwa ukaidi wake. Nilimkasirikia mama pia, kwa kutuachia sheria yake na kwenda zake. Nikarudi kwenye kompyuta, nikalivuta faili lile lile.

Kwenye saa tisa akapanda askari wa getini, mama wa makamo kutoka kaskazini, mjane wa mwanajeshi. Kiswahili chake ni cha kambini. Jengo zima siku ile lilikuwa na yeye na mimi.

"Bosi, wewe hapana kula?" akaniuliza. "Leo si Idi yenu?"

"Kazi imenishinda, afande."

Nikamweleza yote, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumweleza. Waya ulikuwa mmoja, sasa ni nyaya mbili, na mwendo ni ule ule. Alisikiliza, mikono mgongoni.

"Mimi asubuhi nafungua geti mbili," akasema. "Magari mingi inaingia haraka. Lakini gari moja, hata nafungua geti mbili, inapita moja tu. Wewe unajaribu na gari ngapi?"

Nilikuwa nikijaribu na moja. Hata hiyo kompyuta niliyokalia ilikuwa na waya mmoja. Mazungumzo ya mtu mmoja na seva hupita waya mmoja, hata ufunge kumi. Wa pili unamngoja mtu wa pili. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, nami nimezeeka katika kazi hii. Tangu asubuhi haikunijia akilini kwamba chumba kile kingeweza kuwa na mtu mwingine.

Nikamketisha kwenye kompyuta ya jirani, nikamwonyesha pa kubonyeza. "Nikisema sasa." Tukabonyeza pamoja. Faili lake likaenda kwa kasi yote, na langu halikupungua kasi.

"Imekubali?"

"Imekubali, afande."

Akafurahi, akarudi getini kwake. Nikampigia dada. Hakupokea. Kazi ilikuwa imekwisha na kisingizio kimekwisha nayo, nikavaa kanzu, nikavuka reli, nikakatiza Namuwongo kwa miguu.

Dada alifungua mlango.

"Nilikaa nao mpaka saa tisa," akasema. "Yule mdogo akalala na njaa. Nikamwamsha, nikawaambia wale."

Katika nyumba ile hilo halikuwahi kutokea, na aliyelileta ni mimi. Nilimwomba msamaha. Akanionyesha sinia, limefunikwa kitambaa.

Nilifunua. Pande za watoto zilikuwa zimesafishwa, na wa dada pia. Upande wangu ulikuwa mzima, wali umekauka juu. Na kando ya wangu kulikuwa na upande mwingine ambao haukuguswa. Dada alikuwa amempakulia mama. Sikumuuliza kama ni mazoea au ni makusudi.

"Kula na upande wake," akasema. "Mimi siwezi kuumwaga."

Nilinawa, nikakaa. Nilikula wangu mpaka nikaumaliza, peke yangu, na machozi yalinitoka bila aibu. Nilipofika upande wa mama, mkono ulikataa. Nikamwita dada. Alikuja, akanawa tena, akakaa pale alipokuwa akikaa mama, na mimi nikangoja mpaka amekaa vizuri ndipo nikapeleka mkono.