Vioo vya Saluni ya Mama

Nilipokuwa mtoto niliogopa vioo. Mdogo wangu Haika hadi leo hunitania kwamba ni kwa sababu ya sura yangu, kumbe niliviogopa kwa ajili yake yeye. Bibi mzaa baba, aliyeshuka kutoka Uru mlimani kila Jumamosi na ndizi zake, alituambia jambo ambalo sikuweza kulitoa kichwani: mtoto akitazamishwa kioo kabla hajaanza kusema, kioo kinamla maneno. Haika alikuwa anakaribia miaka mitatu na hakuwa amesema hata "mama". Na Mama, kwa mkosi wetu, alikuwa na saluni mjini, mtaa wa Pasua.

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, na ukuta wake mmoja wote ulikuwa vioo. Haika alikulia humo, akitambaa miguuni pa wateja na kuchezea vibanio vya nywele kwenye kopo. Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikujua kutulia. Nikitoka shule nilijisimamisha kati yake na kioo. Yeye anasogea kushoto, nami nasogea, mpaka Mama ananifukuza na kitana mkononi.

"Mbona anasikia vizuri tu," Mama aliwajibu waliouliza. "Nikimwambia lete kitana, analeta. Maneno yatakuja."

Na kweli alikuwa akileta. Mama akiwa nyuma ya mteja, uso umeelekea kwenye kioo, anasema, "Haika, lete kitana," na Haika, aliyeketi chini akitazama kioo hichohicho, anainuka na kuleta. Wateja walimsifu. Jirani mmoja alisema mtoto anachanganywa na Kichagga cha Bibi na Kiswahili chetu. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na maneno hayakuja.

Jumamosi moja Bibi hakungoja hata tumwamkie. Alimwambia Baba mbele yetu sote, "Funga hiyo saluni. Unataka mjukuu wangu awe bubu ili watu wa mjini wajione nywele?"

Baba, ambaye hakuwahi kumbishia mama yake, alitazama sakafu. Mama ndiye aliyejibu, kwa adabu.

"Mama, nikifunga hapa tutakula nini?"

Wakapatana vioo vifunikwe wiki nzima, na Bibi abaki kusimamia. Mama alitundika khanga zake zote ukutani, saluni ikawa kama nyumba ya msiba. Wateja walinung'unika. "Sasa nitajuaje kama umenisuka upande?" mmoja aliuliza, na Mama akacheka naye huku akinikata jicho nisithubutu kucheka.

Mimi nilikuwa nikimchungulia Haika mdomoni asubuhi na jioni, nikingoja neno lidondoke. Halikudondoka. Badala yake akawa mkaidi, au tuliona hivyo. Mama anaita, hageuki. Mama anaagiza kitana, yeye yuko na vibanio vyake.

"Ameanza kiburi," Mama alisema.

"Ni maneno yanarudi," alisema Bibi. "Lazima yamsumbue kwanza."

Alasiri moja mteja alikuwa kitini, Bibi kwenye benchi na rozari yake, nami nimechoka kukaa. Nikainua pindo la khanga nitazame jino langu jipya. Mama akasema, "Haika, lete kitana." Haika akainuka, akaleta. Nikaliachia pindo. "Na mafuta," Mama akasema, na Haika hakuinua hata kichwa. Nikaliinua tena, kwa utundu tu. Mama akarudia, na mafuta yakaletwa.

Mikono ya Mama ilisimama kwenye nywele za mteja.

"Shusha," aliniambia. Nikashusha. "Haika. Haika!" Hakugeuka. "Inua." Nikainua. "Haika," akasema taratibu sana, na mtoto akamtabasamia kwenye kile kipande cha kioo.

Bibi aliinuka, akapita nyuma ya Haika na kupiga makofi kwa nguvu. Mteja akaruka kitini. Haika aliendelea kupanga vibanio. Niliogopa, nikatamani nikimbie nje nisirudi.

"Mae," Bibi alimaka kwa Kichagga, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kumbe kioo ndicho kilikuwa kinamsikilizia."

Mama alilia palepale, mikono imejaa mafuta ya nywele. Jumatatu walikwenda hospitali pamoja, Haika mgongoni mwa Bibi, wakaambiwa kwamba anasikia kidogo mno, huenda tangu kuzaliwa, na kwamba alikuwa akiisoma midomo yetu kiooni. Baadaye zikaja mashine za masikioni, shule, lugha ya alama, na maneno machache ya mdomo ambayo Haika huwapa watu anaowapenda tu. Bibi hakukubali kamwe kwamba alikosea. "Nilisema kioo, sikusema?" alituuliza mpaka uzeeni, nasi tukacheka. Kioo hakikumla Haika neno hata moja. Lakini bila zile khanga tungeendelea kumsifu kwa kuleta kitana, na yeye angeendelea kukaa peke yake katikati yetu.

Sasa nina mwanangu wa mwaka na nusu. Ana maneno mawili, yote ya chakula. Mama mkwe aliponiambia nimwondolee mtoto kioo, nilimcheka kimoyomoyo, kisha alipoondoka nikakifunika. Nikamwita mtoto nikiwa nyuma yake. Akageuka. Nikangoja asahau, nikamwita tena, akageuka. Ilipasa niridhike, lakini sikuridhika. Nilimwita hivyo kila siku, akigeuka ananikuta nimekodoa macho tu, sina la kumwambia.

Jumapili Haika alikuja kututembelea, akaikuta khanga kwenye kioo. Akaniuliza kwa mikono, msiba wa nani? Nilipomweleza, hakucheka. Aliivuta khanga, akanitupia begani, akaketi sakafuni mbele ya kioo na mwanangu mapajani. Akamwonyesha ishara ya maziwa, akimtazama humo kiooni, tena na tena, mpaka mtoto akakunja vidole vyake vinene kumwiga.

Bado namwita nikiwa nyuma yake. Sijapona. Lakini siku hizi akigeuka, huwa nina neno la kumwambia.